Dawa za Kulinda Figo Iliyopandikizwa: Mafunzo kwa Wagonjwa na Familia za Nachingwea na Ruangwa

Mwezi Novemba 2017, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya upandikizaji wa figo wa kwanza nchini, madaktari wake wakishirikiana na wataalamu kutoka India. Miezi michache baadaye, Machi 2018, Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma nayo ilianza huduma hiyo kwa msaada wa wataalamu kutoka Japani. Kabla ya hapo, Mtanzania aliyehitaji figo alilazimika kusafirishwa nje ya nchi, mara nyingi India. Leo mgonjwa anaweza kupandikizwa figo hapa nchini, akapona kidonda, akarudi Nachingwea au Ruangwa kuendelea na maisha yake. Anaporudi, hubeba mfuko wa dawa ambazo hatakiwi kuziacha muda wote figo hiyo inapofanya kazi. Makala haya yanahusu mfuko huo.

Mwili wa binadamu una walinzi wasiolala. Kazi yao ni kutambua kila kitu kigeni na kukishambulia, kiwe kidudu cha malaria au mwiba uliochoma mguu. Walinzi hao hawajui kwamba figo iliyoingia ni zawadi ya kaka au dada. Kwao ni mgeni. Upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa, ule wa Boston, Marekani, Desemba 1954, uliwezekana kwa sababu aliyetoa na aliyepokea walikuwa mapacha wa kufanana, na mwili wa mpokeaji haukuona tofauti. Watu wengine wote walisubiri mpaka zilipopatikana dawa za kuwatuliza walinzi hao. Mbili kati ya zilizo maarufu zina asili katika udongo: sayklosporini ilitokana na kuvu wa udongo uliochukuliwa Norwei, na takrolimasi ilitokana na bakteria wa udongo wa karibu na Mlima Tsukuba, Japani. Wagonjwa wengi leo humeza takrolimasi pamoja na mikofenoleti na prednisoloni. Wengine hutumia azathioprini au sayklosporini, kadiri daktari alivyoona.

Jambo linalowaponza wengi ni kwamba mwili hauizoei figo hiyo. Mgonjwa hupita mwaka wa kwanza kwa uangalifu mkubwa. Katika mwaka wa tatu anapalilia ufuta, anacheka na wenzake, na hana maumivu yoyote. Ndipo wazo linapoingia kwamba dawa zimemaliza kazi yake. Akizipunguza, hataona kitu kesho wala kesho kutwa. Figo inaweza kushambuliwa kwa wiki kadhaa bila kuuma, na dalili ya kwanza ikawa namba tu katika kipimo cha damu, yaani kreatinini iliyopanda. Miguu inapovimba na mkojo kupungua, sehemu ya figo huenda imekwisha kuharibika bila kurejea. Anayeipoteza hurudi kwenye usafishaji wa damu kwa mashine, kwa kawaida mara tatu kwa wiki na takribani saa nne kila mara. Na ndugu aliyemtolea figo hana nyingine ya kutoa.

Takrolimasi ya kawaida humezwa mara mbili kwa siku, kwa kupishana saa kumi na mbili. Wengi huchagua saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Hapa pana mtego mdogo unaostahili kutajwa. Lebo ya dawa na simu ya mkononi huandika 8:00, na mtu aliyezoea kuhesabu saa kwa Kiswahili anaweza kuisoma kama saa nane. Kabla ya kutoka kliniki, mgonjwa na msindikizaji wake wamtamkie mfamasia saa hizo kwa mdomo, kisha watege kengele ya simu mbele yake. Dawa imezwe kwa namna ileile kila siku: anayeanza kuimeza kabla ya chakula aendelee hivyo, kwa kuwa chakula hubadilisha kiasi kinachoingia katika damu. Aliyesahau akakumbuka baada ya muda mfupi, ameze. Ikiwa saa ya dozi inayofuata imekaribia, aiache ile iliyopita. Asimeze dozi mbili kwa pamoja kwa nia ya kufidia. Aliyetapika muda mfupi baada ya kumeza, au anayeharisha, apige simu kliniki kwake bila kuchelewa. Kuharisha, kinyume na watu wanavyodhani, kunaweza kupandisha kiwango cha takrolimasi katika damu badala ya kukishusha.

Siku ya kipimo ina utaratibu wake. Daktari hutaka kujua dawa imebaki kiasi gani mwishoni mwa zile saa kumi na mbili, hivyo damu hutolewa kabla ya dozi ya asubuhi. Mgonjwa aibebe dozi hiyo mfukoni na kuimeza mara tu baada ya kutolewa damu. Aliyesafiri zaidi ya kilomita 500, akalala kwa ndugu Temeke, kisha akameza dawa alfajiri kwa mazoea, hupata jibu lisilo sahihi. Daktari anayelitegemea anaweza kumpunguzia dozi ambayo haikupaswa kupunguzwa.

Kwa mkazi wa wilaya hizi, hata hivyo, hatari kubwa pengine ni barabara. Dawa hizi si za kutarajiwa katika zahanati ya kijiji, wala katika duka la dawa muhimu. Kwa kawaida hutoka hospitali kubwa, na njia ya kwenda Dar es Salaam hupita Kilwa. Mwezi Mei 2024, wakati wa mvua na Kimbunga Hidaya, barabara hiyo ilikatika katika eneo la Somanga, na magari yakakwama pande zote mbili. Abiria wengine walipoteza siku za kazi. Mgonjwa wa figo aliyekuwa na vidonge vya siku mbili angekuwa katika hatari ya kupoteza figo.

Kwa sababu hiyo, safari ya kufuata dawa ipangwe wakati nyumbani kungali na akiba ya wiki tatu au nne, na kabla ya masika akiba hiyo ihakikiwe mapema zaidi. Mgonjwa amweleze daktari wazi kwamba anaishi mbali, ili aandikiwe dawa za muda unaolingana na umbali wake. Mwenye bima ahakiki uhai wa kadi yake na masharti ya dawa hizo kabla ya kupanda basi, maana kugundua tatizo dirishani ni kuchelewa. Safarini, dawa zikae katika mkoba wa mkononi, si kwenye buti la basi. Nyumbani, zibaki katika karatasi zake za asili, mahali pakavu na penye kivuli, mbali na bati linalochemka mchana. Na ikiwa mfamasia atatoa kidonge chenye sura au jina tofauti na lile la awali, mgonjwa aulize kabla ya kumeza. Ipo takrolimasi ya mara mbili kwa siku na ipo inayoachia dawa polepole, ya mara moja kwa siku. Kuzibadilishana bila daktari ni kosa kubwa, hata kama miligramu zilizoandikwa ni zilezile.

Dawa nyingine nazo zinahitaji macho. Mgongo ukiuma baada ya kulima, wengi hununua diklofenaki au ibuprofeni bila kuuliza. Dawa hizo huibana figo, na mwenye figo ya kupandikizwa azikwepe. Parasetamoli kwa kipimo sahihi ndiyo salama zaidi kwake, lakini maumivu yasiyoisha yapelekwe kwa daktari. Erithromaisini na flukonazoli hupandisha takrolimasi mwilini hadi kiwango cha sumu, na mikono kutetemeka huweza kuwa dalili yake. Rifampisini ya kifua kikuu, pamoja na baadhi ya dawa za kifafa kama fenitoini na karbamazepini, huishusha mpaka figo ikose ulinzi. Hii haina maana kwamba mgonjwa wa kifua kikuu aache kutibiwa. Maana yake ni kwamba mhudumu wa kifua kikuu na daktari wa figo wazungumze kwa simu kabla ya dozi ya kwanza, na damu ipimwe mara kwa mara.

Hata matunda yamo. Balungi na danzi huzuia utumbo na ini kuivunja takrolimasi, kwa hiyo viachwe kabisa, pamoja na maji yake. Chungwa la kawaida, embe na papai havina tatizo hilo. Ama dawa za miti shamba, tahadhari ni kubwa zaidi. Muuzaji anayenadi unga wa kuongeza kinga ya mwili huenda hana nia mbaya, lakini anauza kinyume kabisa cha kile ambacho mgonjwa huyu anakihitaji.

Kinga iliyopunguzwa humfanya mgonjwa aambukizwe kwa urahisi. Anywe maji yaliyochemshwa, nyama ya kuiva, maziwa yaliyochemshwa, na alale ndani ya chandarua bila kukosa. Msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, kazi hiyo waifanye wengine. Kufagia banda la kuku au kuondoa kinyesi cha popo darini kusiwe kwake pia, kwa sababu vumbi lake huweza kubeba kuvu wanaoshambulia mapafu. Wagonjwa wengi hupewa pia kotrimoksazoli kwa muda ili kuzuia nimonia. Majirani wanaoiona huanza minong'ono, na wapo wanaoiacha kwa kuona aibu. Familia ielewe kazi yake na imtetee mtu wake. Chanjo zenye vimelea hai, kama za surua na homa ya manjano, mgonjwa asipewe. Watoto wa nyumbani wasinyimwe chanjo kwa ajili yake, ila mhudumu aelezwe, na kubadilisha nepi za mtoto aliyepewa matone ya polio afanye mtu mwingine.

Mwanamke anayetumia mikofenoleti hapaswi kushika mimba, kwani dawa hiyo humdhuru mtoto aliye tumboni. Anayetamani kuzaa amweleze daktari mapema. Zipo dawa mbadala, na mabadiliko hufanyika kabla ya mimba.

Homa ya nyuzi 38 au zaidi, mkojo kupungua, kuvimba miguu, uzito kupanda ghafla au maumivu juu ya figo mpya ni sababu ya kwenda hospitali ya wilaya siku hiyohiyo. Kipimo cha malaria kifanyike, lakini jibu chanya lisifunge uchunguzi, kwa kuwa mtu huyu anaweza kuwa na malaria na maambukizi mengine kwa wakati mmoja. Mhudumu asiyewahi kukutana na mgonjwa wa namna hii ajue kwamba figo mpya haiko mgongoni. Imewekwa chini ya tumbo, upande mmoja karibu na kinena, na mara nyingi zile za zamani zimeachwa mahali pake. Mgonjwa atembee na karatasi iliyoandikwa tarehe na hospitali ya upandikizaji, majina na vipimo vya dawa zake, kreatinini ya mwisho na namba ya simu ya kliniki. Nakala ya pili ikae kwa mtu anayelala naye nyumba moja, na aoneshwe mahali mfuko wa dawa unapotunzwa, kwa sababu usiku wa homa kali huenda yeye ndiye atakayejibu maswali ya muuguzi.