Leseni Ipi Ifutwe, na Ipi Ibaki?

Leseni hulipiwa mara mbili: kwa fedha, na kwa siku za kazi zinazopotea kwenye milango ya ofisi. Zikiwa nyingi mno, tajiri hulipa. Mwenye mtaji mdogo huacha biashara, au huifanya kwa siri.

Kati ya mwaka wa 2005 na 2007, Serikali ya Kenya ilizihesabu leseni na ada zilizotozwa wafanya biashara. Zilionekana 1,325. Kila moja ilipimwa: Je, ina msingi katika sheria? Je, ni ya lazima? Je, inazuia biashara bila sababu? Mwishowe 315 zilifutwa, na 379 zikarahisishwa.

Lakini kwa nini zisifutwe zote? Mfano ni duka la nyama. Mnunuzi huweza kuona mwenyewe kama duka ni chafu au bei ni ghali. Hawezi kujua kama ng'ombe alikufa kwa kimeta, ugonjwa uwezao kumwua mtu alaye nyama yake. Wala kama mizani imepunjwa. Kwa hiyo muhuri wa mkaguzi juu ya nyama, na chapa ya vipimo juu ya mizani, havina budi kubaki.

Hivyo kipimo ni hiki: sheria ilinde pale ambapo jicho la mnunuzi halifiki, na pengine ipunguze mzigo. Tena mkaguzi aliyepunguziwa karatasi zisizo na faida hupata nafasi ya kwenda machinjioni, ambako ndiko anakohitajiwa.