Likizo Hii, Mtoto Apime Mvua

Kijitabu kwa wazazi na walezi wa Kawangware, Kangemi na Dagoretti wenye watoto wa Gredi ya 7 hadi ya 9

Chukua chupa ya soda ya lita mbili, iliyonyooka ubavuni. Kata sehemu ya juu, uigeuze na kuipachika kichwa chini iwe faneli. Tia kokoto chini ili upepo usiiangushe, mimina maji yazifunike, kisha chora mstari: hapo ndipo sifuri. Iweke nje, mbali na paa. Mvua ikinyesha, mtoto apime kwa rula maji yaliyopanda juu ya mstari.

Milimita moja ya mvua ni lita moja katika kila mita mraba. Kwa hiyo milimita 10 zikiangukia bati la mita 3 kwa 3, ni lita 90. Hiyo ni mitungi minne na nusu ya lita 20, ile ile mnayonunua. Mtoto akishapiga hesabu hiyo, usishangae akianza kuulizia bei ya gata.

Kambi nzuri ya sayansi wakati wa likizo nayo hufanya kazi hivyo: mtoto hupima na kupiga hesabu mwenyewe. Kambi si tuisheni. Tena Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza tuisheni wakati wa likizo. Ukikuta ratiba imejaa marudio ya mitihani, hiyo ni tuisheni iliyovaa koti jeupe.

Mbona Gredi hizi?

Tangu 2023 wanafunzi wa Gredi ya 7 wako sekondari msingi, na wakimaliza Gredi ya 9 huelekea mkondo mmojawapo: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Sekondari msingi nyingi za umma zimo ndani ya shule za msingi, ambazo hazikujengewa maabara. Mtoto ambaye hajawahi kuchungulia kwenye hadubini atajuaje kama anaipenda?

Yaliyo karibu

Makao ya Idara ya Hali ya Hewa yapo Dagoretti Corner, kwenye Ngong Road. Kikundi kinaweza kuandika barua kuomba kuzuru, kikaenda na vipimo vyake vya chupa kulinganisha.

Makumbusho ya Taifa, Museum Hill, ndiyo nyumba ya mifupa ya Mvulana wa Turkana, mtoto aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Mfupa wake wa kwanza uliokotwa Nariokotome mwaka 1984 na Kamoya Kimeu, ambaye hakusoma kupita shule ya msingi. Mwambie hilo mtoto anayedhani sayansi ni ya watu wa Lavington.

Kwa waandaaji

Kambi isiyolipa nauli ya matatu na chakula cha mchana imeshachagua wanafunzi wake kabla ya kufungua mlango. Wasichana ndio hukosa kwanza, kwa sababu likizo ndiyo wakati wa kulea wadogo na kufua. Tafuteni mtu wa kukaa na hao wadogo pale pale kambini, na mfunge mapema watoto wafike nyumbani kabla ya giza.

Kabla hujamwandikisha

Uliza nani atakuwa na watoto kutwa, wanarudi saa ngapi, na watashika nini kwa mikono yao. Kambi ikiwa ya Agosti, mfungashie sweta: baridi ya Nairobi mwezi huo haina mchezo, na kazi nyingi ni za nje.