Mdogo Wangu, Mbao za Kijani Usizipikie

Msomaji mmoja wa Kibaha ameniandikia barua ndefu ya furaha. Nyumba imeezekwa, mafundi wamelipwa, na uani kumebaki rundo la vipande vya mbao za kenchi, vifupi vifupi, vikavu, vinashika moto haraka kama vimemwagiwa mafuta ya taa. Anavipikia maharage. Mumewe ameshatenga vile virefu: vingine vya banda la kuku, vingine vya kuzungushia tuta la mchicha. Swali lake kwangu ni dogo tu: kwa nini moshi wa mbao hizi unawasha macho kuliko wa kuni za kawaida?

Hongera kwa bati, mdogo wangu. Sasa zima huo moto kwanza, ndipo tuendelee kuongea.

Sikucheki. Mimi mwenyewe nimechemsha makande kwa vipande kama hivyo, siku mbili mfululizo, mpaka fundi aliyerudi kuchukua ngazi yake akaniuliza, "Dada, hivi unajua hiyo ni mbao ya dawa?" Nilijua. Dukani nilitoa pesa zaidi kwa sababu hiyohiyo, maana paini tupu mchwa anaitafuna huku unamwangalia. Ila neno "dawa" nililichukulia kama dawa ya mbu: unapuliza, inanuka, asubuhi imekwisha.

Hii haiishi. Ile rangi ya kijani unayoiona kwenye mbao mpya ni ya madini. Dawa iliyozoeleka sana kwa mbao za paini na nguzo za mikaratusi inajulikana kwa herufi CCA, na ndani yake mna vitu vitatu: kromiamu, shaba na aseniki. Aliyeibuni ni Sonti Kamesan, huko India, miaka ya 1930, na kwa kweli alitumia akili. Shaba inaua kuvu, aseniki inaua mchwa na wadudu wengine, kromiamu inawashikilia hao wawili wasitoke kwenye mbao. Kiwandani mbao huingizwa kwenye mtungi mkubwa wa chuma, hewa inanyonywa, kisha dawa inasukumwa kwa presha hadi ndani. Katika mchanganyiko unaotumika zaidi, kama theluthi moja ya dawa ni oksidi ya aseniki. Naam, aseniki ileile iliyokuwa sumu ya panya zamani.

Sasa, madini hayaungui. Mbao inageuka moshi na jivu, aseniki inagawana njia: sehemu inapanda na moshi, sehemu kubwa inabaki kwenye jivu, tena katika hali ya kuyeyuka upesi majini kuliko ilivyokuwa ndani ya mbao. Mwaka 1984 jarida la madaktari wa Marekani lilieleza habari ya familia moja ya kijijini Wisconsin iliyokuwa ikiota moto wa mabaki ya mbao hizi. Kila majira ya baridi waliugua: vipele, kutokwa damu puani, kupoteza fahamu, degedege, nywele kupukutika. Baridi ikiisha wanapata nafuu, jiko likiwashwa tena yanaanza upya. Na Australia, baada ya moto wa nyika kuunguza nguzo za uzio, wafugaji huonywa wawaweke ng'ombe mbali, kwa kuwa ng'ombe hupenda kulamba lile jivu kama chumvi, na wapo waliokufa kwa kulilamba.

Fikiria sisi tunavyolitumia jivu. Tunasugulia sufuria. Tunanyunyizia mboga kufukuza wadudu. Tunachanganya na maharage ya kuhifadhi. Wengine wanachuja maji yake kulainishia mboga ngumu. Ndiyo maana barua yako ilinifanya niamke kitini. Jivu lililokwisha kupatikana usilipeleke bustanini wala usiliache wazi kuku walichakure. Lilowanishe kidogo lisipeperuke, lizoe ukiwa umevaa glavu, liingie kwenye mfuko mzito uliofungwa, litoke na taka, mbali na kisima. Kama kuna maharage uliyoyahifadhia jivu hilo, yamwage. Najua inauma.

Tuje kwa bwana na tuta lake la mchicha. Hapa hakuna moto, lakini kuna mvua. Kromiamu inashika, ila haijafunga kwa kufuli. Kila mbao inapolowa, kiasi kidogo cha shaba na aseniki kinachuruzika kwenda udongoni, kingi zaidi miaka ya mwanzo, na kingi kabisa kama mbao ilitoka kiwandani ingali mbichi, kwa sababu dawa inahitaji siku kadhaa, hata majuma, kushikana na mbao. Udongo wenye asidi huongeza mchuruziko. Afadhali moja ni kwamba aseniki haisafiri sana. Huganda kwenye udongo wa karibu na mbao. Lakini tuta lenyewe lina upana gani? Mchicha wako unaota hapohapo karibu, na mizizi kama karoti inatoka na udongo wake mwilini. Mwambie azungushie matofali au mawe, au ainue tuta tu kama mama zetu walivyofanya bila mbao yoyote. Na asije na wazo la kupaka oili chafu badala yake. Oili iliyotoka kwenye injini ina madini yake na uchafu wake.

Banda la kuku ningelivumilia upande mmoja tu: nguzo na paa, mahali ambapo kuku hawadonoi. Sakafu, viota na vihori vya chakula, hapana. Maranda na unga wa msumeno wa mbao hizi usitandaze bandani hata kama fundi anakupa bure, kwa sababu kuku anadonoa kila kitu na wewe unakula yai.

Kuna wasomaji watakaoogopa sasa na kutaka kuteremsha kenchi. Tulieni. Mbao iliyo juu, imefunikwa na bati, kavu, haigusi chakula wala mkono wa mtoto, inafanya kazi iliyonunuliwa kufanya. Hata Marekani, watengenezaji walipokubaliana na serikali kuacha kuzitia CCA mbao za matumizi ya nyumbani mwishoni mwa 2003, majengo yaliyokuwepo hayakuamriwa kubomolewa. Waliohofiwa zaidi ni watoto, wanaoshika mbao za bembea kisha wanatia vidole mdomoni. Kwa hiyo kama nguzo za uzio wako ziko pale wanapochezea, zipake rangi ya mafuta, uirudie inapoanza kubanduka, na mikono ioshwe kabla ya kula.

Mkijenga, mwambieni fundi akate mbao sehemu moja, juu ya turubai, akiwa amefunika pua. Vumbi lile si la kuvuta. Ukimaliza, vipande vizuri viweke pakavu: vitafaa kuziba kenchi siku nyingine au kutengeneza rafu ya stoo ya zana. Vilivyobaki usimpe jirani kuni bila kumwambia ni nini. Na mbao kuukuu usiiamini kwa macho, maana kijani kinafifia kwa jua, inakuwa ya kijivu kama kuni nyingine yoyote, na dawa imo.

Kuhusu moshi kuwasha macho, mdogo wangu, umeshajijibu. Kama watoto wamekuwa wakikaa karibu na jiko hilo na wana vipele, kuharisha au kutapika, nenda zahanati, na umtajie mganga mbao zilizotiwa dawa. Asipoambiwa hatawaza. Na yale maharage yaloweke usiku, yataiva kwa mkaa kidogo.