Inua Mkeka Uone!

Safari hii tunaongelea kitu ambacho unakikanyaga kila siku bila hata kukifikiria: zulia, kapeti, mkeka au ngozi iliyotandikwa sakafuni. Najua baadhi yenu mmeshaanza kucheka. "Aa, mazulia ni mambo ya watu wa mjini, sisi huku Sepuka yanatuhusu nini?" Subiri kwanza. Ukimaliza kusoma, nina hakika utakwenda kuinua mkeka wako uone kuna nini chini yake.

Ukipita Sepuka, Wilaya ya Ikungi, mkoani Singida, utakuta nyumba za bati zenye sakafu ya saruji na kapeti sebuleni. Utakuta pia tembe zenye sakafu ya udongo, ambamo watu hulala kwenye mkeka, jamvi au ngozi ya ng'ombe. Tena wapo wanafunzi wanaotoka vijiji vya mbali, wanapanga chumba karibu na shule, yaani geto, na godoro liko chini. Hawa wote wana jambo moja linalofanana: kuna kitu kati ya mwili wao na sakafu. Kitu hicho kikitunzwa, ni afya. Kikiachwa, ni maficho ya wadudu na vumbi.

HOMA INAYOKWENDA NA KURUDI

Tuanze na mfano. Huu nimeutunga, lakini mambo yaliyomo ni ya kweli kabisa.

Tuseme una rafiki yako wa kidato cha tatu. Amepanga chumba kwenye nyumba ya zamani ya udongo na analala chini, kwenye mkeka. Siku moja anashikwa na homa kali, kichwa kinagonga, viungo vinauma, anatapika. Ananunua dawa ya malaria dukani. Siku ya nne homa inakwisha, anashukuru Mungu, anarudi darasani. Baada ya wiki moja hivi, homa ile ile inarudi. Wenzake wanamwambia, "Dada, hiyo ni malaria sugu, ongeza dozi." Anaongeza. Homa inatulia, halafu inarudi tena. Mtihani wa muhula unampita akiwa amelala.

Mwishowe anakwenda kituo cha afya. Kipimo cha haraka kinaonyesha hana malaria. Muuguzi mmoja anamwuliza:

"Mwanangu, unalala wapi?"

"Chini, mama. Kwenye mkeka."

"Nyumba yenyewe ni ya namna gani?"

"Ya udongo, ya zamani. Ina nyufa nyufa."

Muuguzi anaagiza damu ichunguzwe kwa darubini. Ndani ya damu wanaonekana vijidudu vyembamba vilivyojipinda kama uzi wa springi. Rafiki yako ana homa ya papasi.

PAPASI NI NANI?

Papasi ni jamaa ya kupe, ila hana ngao ngumu mgongoni kama kupe wa ng'ombe. Ana rangi ya udongo na ngozi yake imekunjamana kama mfuko mtupu. Mchana hujificha kwenye nyufa za sakafu na kuta, au kwenye vumbi chini ya mkeka. Usiku, watu wakishalala, hutoka, hunyonya damu kwa muda mfupi, mara nyingi chini ya saa moja, kisha hurudi mafichoni. Mara nyingi hata husikii anapouma. Ndiyo maana watu wengi huugua bila kujua walipata wapi ugonjwa.

Mikoa ya kati, yaani Dodoma na Singida, inafahamika tangu zamani kwa ugonjwa huu. Sababu ni rahisi: udongo mkavu, sakafu zenye nyufa, na watu kulala chini. Papasi anaweza kukaa miaka kadhaa bila kula, na mama huwarithisha watoto wake vijidudu kupitia mayai. Kwa hiyo kuhama nyumba mwaka mmoja na kurudi hakusaidii kitu. Atakungoja.

Je, ulijua? Mwaka 1905 madaktari wawili, Joseph Dutton na John Todd, walionyesha huko Kongo kwamba papasi ndiye anayeeneza homa hii. Wote wawili waliugua, na Dutton akafariki huko huko Kongo mwaka huo akiwa na umri wa miaka 30. Kijidudu chenyewe kikapewa jina lake: Borrelia duttonii. Wakati huo huo Robert Koch alikuwa akiwachunguza papasi hapa kwetu, nchi ilipokuwa chini ya Wajerumani.

Homa ya papasi inatibika kwa antibayotiki, lakini usinunue mwenyewe dukani. Baada ya dozi ya kwanza, mgonjwa anaweza kutetemeka sana na homa kupanda ghafla kwa saa kadhaa, kwa hiyo ni vizuri aanze dawa akiwa chini ya uangalizi. Ugonjwa huu ni hatari zaidi kwa mama mjamzito, kwani mimba inaweza kutoka, na kwa mtoto mchanga. Kumbuka pia kwamba kipimo cha haraka cha malaria kinatafuta malaria peke yake. Ukiambiwa huna malaria na homa inakwenda na kurudi, mwambie mganga: "Nalala chini kwenye nyumba ya udongo." Sentensi hiyo moja inaweza kukuokoa.

WAGENI WENGINE WASIOALIKWA

Viroboto. Mayai yao huanguka kwenye vumbi la sakafu na ndani ya nyuzi za zulia, na watoto wao hukulia humo humo. Ukiua viroboto wa mbwa au paka tu ukaacha zulia, umefanya nusu ya kazi. Viroboto wa panya ndio wanaoeneza tauni, ugonjwa uliozuka Wilaya ya Lushoto mwaka 1980 na ukaendelea kujitokeza huko kwa miaka mingi.

Funza. Huyu naye ni aina ya kiroboto. Alifika Afrika kutoka Brazili kwa meli, akatua Angola mwaka 1872, na kabla karne ile haijaisha alikuwa ameshavuka bara lote. Hupenda vumbi kavu la sakafu na uani. Jike huingia kwenye ngozi ya mguu na kuvimba kwa mayai. Msichangie pini wala sindano ya kutolea funza, maana mnaweza kuambukizana Virusi vya UKIMWI na homa ya ini, na kidonda kikichafuka kinaweza kuingiza pepopunda.

Vumbi na ukungu. Hivi si vidudu vya kuuma, lakini mwenye pumu anavijua. Katika zulia kuna vumbi, mabaki ya ngozi zetu, manyoya ya wanyama, na mahali penye unyevunyevu kuna utitiri wadogo wasioonekana kwa macho. Sasa sikiliza hili: utitiri na ukungu vinapenda unyevu. Zulia lililofuliwa likatandikwa bichi ni baya kuliko zulia lenye vumbi kavu. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea.

KAZI INAANZIA CHINI

Watu wengi hufagia juu ya mkeka, wakaona wamemaliza. Lakini papasi haishi juu ya mkeka, anaishi chini yake. Kwa hiyo kuna kazi mbili: kazi ya sakafu na kazi ya zulia.

Sakafu kwanza. Ondoa kila kitu. Nyunyiza maji kidogo ili vumbi lisipae, kisha fagia kuanzia kwenye kona kuja mlangoni. Kwenye nyufa unazoziona, mwaga maji yanayochemka, kwa uangalifu usijiunguze, halafu ziba kwa udongo wa mfinyanzi uliokandwa vizuri. Siliba sakafu na sehemu ya chini ya kuta mpaka ziwe laini. Zikipasuka, ziba tena. Ukiwa na uwezo wa saruji, hata chumba kimoja tu cha kulala, hiyo ndiyo dawa ya kudumu. Wanaosiliba kwa samadi ya ng'ombe wafahamu kwamba samadi inaweza kuwa na vimelea vya pepopunda. Mtoto ambaye kitovu chake hakijapona asilazwe kabisa kwenye sakafu hiyo.

Kisha zulia lenyewe. Fuata utaratibu huu:

1. Kila siku: kunja mkeka au inua godoro asubuhi. Usiache vimetandikwa kutwa. Kama ni zulia kubwa, lifagie kwa ufagio mgumu kufuata mwelekeo wa nyuzi zake.

2. Kila wiki: toa nje, tundika kwenye kamba imara au ua, kung'uta kwa fimbo pande zote mbili. Simama upande upepo unakotokea, ili vumbi liende mbele yako. Funga pua na mdomo kwa kitambaa. Mwenye pumu asipewe kazi hii, na watoto wasogezwe mbali. Kisha anika juani saa kadhaa, ukigeuza.

3. Kufua: subiri kiangazi, siku ya jua kali, na uanze asubuhi. Kung'uta vumbi lote kwanza, la sivyo utatengeneza tope. Najua maji Sepuka si ya kuchezea, lakini kwa zulia dogo ndoo mbili zinaweza kutosha. Koroga sabuni ya unga kidogo kwenye ndoo ya kwanza mpaka ipate povu jingi. Sugua kwa brashi ukitumia povu, si kwa kumwagia maji. Tumia ndoo ya pili kusuuza kwa kitambaa ukikamua. Maji yanayobaki nyunyizia uani, yapunguze vumbi.

4. Kukausha: tundika mpaka likauke kabisa, mpaka katikati ya nyuzi. Bonyeza kwa kiganja. Ukihisi ubaridi, bado. Usilitandike.

Mkeka wa ukindu haupendi maji mengi. Ufute kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa, kisha uanike, lakini usiuache juani kutwa nzima kwani utakatika. Mkeka wa plastiki unafulika wote kwa sabuni. Kapeti la plastiki hupigwa deki kirahisi, ila angalau mara moja kwa mwezi likunjue uone chini, maana unyevu na mende hujificha hapo. Ngozi usiifue. Ikung'ute, ianike, na ikianza kutoa harufu au kuoza, iondoe.

MADOA

Doa lishughulikie likiwa bichi. Bonyeza kwa kitambaa kikavu, usisugue, maana ukisugua unalisukuma ndani. Damu itoe kwa maji baridi, kwani maji ya moto huigandisha. Mafuta ya alizeti yaliyomwagika yafunike kwa unga kidogo uyanyonye, kisha fagia vizuri usiwaachie panya karamu, halafu malizia na povu la sabuni. Matapishi na kinyesi cha mtoto vizoe kwanza, osha kwa sabuni, anika juani, na wewe unawe mikono.

USIFANYE HIVI

Usitumie dawa ya josho wala dawa ya shambani ndani ya nyumba. Najua wapo wanaofanya hivyo, eti papasi watakufa. Dawa hizo hazikutengenezwa kwa mahali watu wanapolala, zinaweza kukudhuru wewe na wadogo zako. Muulize bwana afya dawa inayofaa kupulizwa ndani. Usichanganye dawa ya klorini na ile ya kusafishia choo, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu. Na kuku, jamani! Singida tunajivunia kuku wetu wa kienyeji, lakini wajengewe banda lao. Kuku na mbuzi wakilala ndani, viroboto na papasi wanapata chakula cha ziada.

Zaidi ya yote, ukiweza usilale chini. Kitanda cha miti na kamba, kikisogezwa mbali kidogo na ukuta, kinampunguzia papasi nafasi ya kukufikia. Shuka na chandarua visiburute sakafuni. Chomeka chandarua chini ya godoro pande zote. Kama huna kitanda kwa sasa, chomeka hivyo hivyo chini ya mkeka.

KAZI YA KUFANYA NYUMBANI

Jumamosi hii, inua kila kinachotandikwa sakafuni nyumbani au getoni kwenu. Andika kwenye daftari: nyufa ngapi, ziko wapi, umeona mdudu gani. Usimpasue papasi kwa vidole, mchukue kwa kijiti umtie motoni. Kisha kaa na mama au baba, au mwenye nyumba, mpange nani atakanda udongo na lini. Zungumza kwa heshima: "Baba, naomba tuzibe nyufa za chumbani kabla ya mvua." Usianze kwa kusema nyumba ni chafu. Nyumba ya udongo si aibu. Sakafu isiyotunzwa ndiyo tatizo.

JIPIME

1. Kwa nini kuanika mkeka peke yake hakumalizi papasi?
2. Rafiki yako ana homa iliyorudi mara ya tatu na kipimo cha malaria hakionyeshi kitu. Amwambie nini mganga?
3. Zulia limefuliwa jana na bado lina ubaridi katikati. Ufanye nini, na kwa nini?

Majibu: (1) Kwa sababu papasi anaishi kwenye nyufa na vumbi la sakafu, si juu ya mkeka. (2) Aeleze kwamba homa inakwenda na kurudi, na analala chini kwenye nyumba ya udongo, ili damu ichunguzwe kwa darubini. (3) Liendelee kuanikwa, maana unyevu huleta ukungu na utitiri, na hivyo huamsha pumu.

Umepata yote matatu? Safi sana! Sasa funga gazeti, ukainue mkeka.