Saa za Jua za Kuchukuliwa Mkononi

Saa ya jua ni chombo kinachoonyesha wakati kwa kivuli. Watu wengi huijua ile kubwa iliyowekwa juu ya nguzo au kuchorwa ukutani, ambayo haiondoki mahali pake. Lakini tangu zamani za Warumi msafiri naye alitaka kujua saa akiwa njiani. Kwa hiyo mafundi walitengeneza saa za jua ndogo, za kutiwa mfukoni au kutundikwa kwa uzi. Siku hizi vyombo hivyo vinatengenezwa tena kwa kuiga vile vya kale, na nakala hizo hufundisha mambo ambayo mtu hawezi kuyapata kwa kutazama tu kitu cha kale ndani ya sanduku la kioo.

Chombo kimoja mashuhuri cha namna hii kilifukuliwa mwaka 1755 huko Herculaneum, mji wa Italia uliofunikwa na mlima wa moto Vesuvius mwaka 79. Ni kitu kidogo cha shaba kilichopakwa fedha, chenye umbo la ajabu: paja la nguruwe lililokaushwa, lenye pete ya kulitundikia. Kwa kuwa hapo kwanza kiliwekwa katika makumbusho ya mfalme huko Portici, wataalamu hukiita Paja la Portici. Sasa kimo katika makumbusho ya mji wa Naples.

Ubavuni mwa paja hilo imechongwa mistari iliyosimama na mistari iliyolala. Mistari iliyosimama ni ya miezi, na chini yake yameandikwa majina ya miezi kwa kifupi, mawili mawili: Juni na Julai pamoja, Mei na Agosti pamoja, hata kufikia Januari na Desemba. Sababu yake ni kwamba jua hupanda juu zaidi mwezi hata mwezi, kisha hurudi kwa njia ile ile. Jina la Agosti lenyewe ni ushahidi. Mwezi huo uliitwa hivyo mwaka 8 kabla ya Kristo kwa heshima ya Kaisari Augusto. Basi chombo hicho kilitengenezwa baada ya mwaka huo na kabla ya mwaka 79.

Mistari iliyolala ni ya saa. Mwenye chombo alikitundika, akakigeuza polepole mpaka ncha ya kivuli cha mkia wa nguruwe ianguke juu ya mstari wa mwezi uliopo, kisha akasoma saa. Jua likiwa chini, kivuli hubaki juu. Jua likipanda, kivuli hushuka. Mstari mmoja ulitumika mara mbili, kwa mfano saa tatu na saa tisa, maana jua huwa na kimo kile kile nyakati hizo mbili. Ilimpasa mtu ajue mwenyewe kama ni asubuhi au alasiri.

Msomaji wa Kiswahili hataona hesabu hiyo kuwa ngeni, kwa sababu Warumi nao walihesabu saa za mchana tangu jua kuchomoza, na adhuhuri ilikuwa saa sita. Tofauti ni kwamba waligawa mchana katika sehemu 12 majira yote, uwe mrefu au mfupi. Huko Naples saa moja ya namna hiyo ilikuwa kama dakika 75 katikati ya mwaka, na kama dakika 45 mwezi wa Desemba.

Paja hilo lilipopatikana, mkia wake ulikuwa umevunjika, na bila ncha ya mkia chombo hakiwezi kusema lolote. Christopher Parslow, profesa wa Chuo Kikuu cha Wesleyan huko Marekani, alilipiga picha nyingi, akatengeneza umbo lake katika kompyuta, kisha akalichapa kwa plastiki kwa mashine inayojenga kitu tabaka juu ya tabaka. Habari za kazi hiyo zilienea mwaka 2017. Kwa njia hiyo nakala yaweza kujaribiwa juani, na kitu cha kale kikabaki salama. Tena anayeishika nakala ya kutundikwa huona upesi taabu ya msafiri wa kale: upepo mdogo ukivuma, chombo huyumba, na kivuli hakitulii.

Lakini liko jambo kubwa zaidi la kuangaliwa. Mistari ya chombo kama hiki huchorwa kwa mahali pamoja tu. Huko Naples, mwishoni mwa Desemba, jua la adhuhuri hufikia kimo cha digrii 26 hivi. Mjini Nairobi siku hiyo hiyo hufikia karibu digrii 68. Basi mtu akichukua nakala sahihi ya paja hilo na kulitundika Nairobi mwezi huo, litamwambia kwamba ni saa sita mchana, hali jua limechomoza kwa muda usiotimia saa mbili. Baada ya hapo kivuli kitashuka chini ya mistari yote. Chombo hakikuharibika, kimetolewa kwao tu.

Mafundi wa baadaye walilitafutia jambo hilo dawa. Katika karne ya 17 mwanahisabati Mwingereza William Oughtred alibuni saa ya jua ya pete mbili, ambayo pete yake ya kutundikia husogezwa juu ya alama za digrii kulingana na umbali wa mahali kutoka ikweta. Mabaharia na wasafiri waliweza kuitumia katika nchi nyingi, na hata leo nakala zake hutengenezwa na kuuzwa.

Kwa hiyo anayetaka kununua au kutengeneza saa ya jua asitazame uzuri wa shaba wala umri wa mfano ulioigwa. Kwanza aulize: mistari hii ilichorwa kwa mahali gani? Na anapoitumia, atazame kivuli, asilikazie jua macho.