Dondoo muhimu: Mfundishe mtoto kutumia kitu tena

Mtoto mdogo huelewa kwa kushika na kutenda. Kwa familia za Tanga, Pangani na Muheza, vifaa vya somo hili vimo nyumbani.

• Anzia jikoni. Nazi ikishakunwa, mwonyeshe jinsi kifuu kinavyogeuka upawa wa mchuzi au kata ya kuchotea maji.

• Nendeni sokoni na kikapu cha ukili. Mweleze kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019, na kikapu hiki mtakuja nacho tena.

• Mpe historia ya khanga. Ilikuwa vazi, ikawa mbeleko yake, sasa ni tambara la kupigia deki.

• Tengenezeni kigari. Kopo liwe bodi, ndala iliyokatika itoe magurudumu. Kukata ni kazi yako. Kupanga ni yake.

• Kabla ya kutupa, muulize: "Hiki kinaweza kuwa nini tena?" Msubiri ajibu mwenyewe.

Tahadhari: Chupa za dawa ya wadudu au mafuta ya taa zisitiwe kinywaji wala kuchezewa. Mfundishe hilo mapema.