KANO YA KISIGINO NA MGUU KIFUNDO

Leo tuanze somo kwa vitendo. Kaa chini, kisha shika nyuma ya mguu wako, juu kidogo ya kisigino. Utagusa kitu kigumu kama kamba. Hiyo ni kano. Wachinjaji wanaijua vizuri, maana kwenye mguu wa mbuzi ndipo wanapopenyeza kamba wakitundika nyama. Kano hii inaunganisha msuli wa kigimbi na mfupa wa kisigino. Ndiyo inayotuinua tunaposimama kwa vidole.

Kano zote huanza kutengenezwa tumboni mwa mama. Mwishoni mwa mwezi wa pili wa mimba, mguu umekwisha kupata vidole, ingawa mtoto mwenyewe hajafikia urefu wa kidole gumba chako.

Lakini watu hatufanani. Ndani ya kigimbi kuna msuli mdogo wenye kano nyembamba, inayoshuka kando ya ile kubwa. Wengine huzaliwa bila huo kabisa, nao wanalima na kucheza ngoma kama sisi. Tofauti hiyo haina neno.

Tofauti nyingine ina neno. Kwa watoto wengine, wakiwa bado tumboni, kano ya kisigino na zile za upande wa ndani huwa fupi na ngumu. Zinauvuta mguu. Kisigino kinapanda juu, unyayo unageukia ndani. Huu ndio mguu kifundo, au nyayo za kupinda. Duniani, katika kila watoto elfu moja wanaozaliwa, mmoja hivi huwa nao. Wavulana ni wengi kuliko wasichana, na karibu nusu yao hupinda miguu yote miwili.

Hapo ndipo maneno huanza. Tuseme mtoto amezaliwa Manzese, huko Ubungo. Mara mama mkwe anauliza mwali alikanyaga nini. Jirani anasema ni laana. Baba naye kanyamaza. Mtoto anafunikwa khanga ili wageni wasione, na miezi inapita. Sisi tunasema wazi: mama hana kosa. Wakati mwingine hali hii hufuata ukoo, na ukoo ni wa baba pia!

Jaribu hivi. Usukume unyayo wa mtoto taratibu kwa kidole. Ukinyooka wenyewe, huenda alilala vibaya tumboni tu. Ukigoma, usilazimishe wala usiukande kwa maji moto. Vyovyote iwavyo, mpeleke kituo cha afya wauone. Katika Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT iliyoko Msasani inatibu miguu hii. Anayetoka mkoani kwa basi, tangu mwaka 2021 anashukia stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, wilaya hiyo hiyo ya Ubungo.

Matibabu yenyewe yalibuniwa na daktari Ignacio Ponseti. Alizaliwa Hispania mwaka 1914, akafanya kazi Marekani, akafariki mwaka 2009. Yeye aliona kwamba kano ya mtoto mchanga bado ni laini, inavutika. Basi mguu unanyooshwa kidogo kwa mkono, unafungwa plasta ngumu, ile wengi wetu tunayoiita hogo. Baada ya wiki moja inafunguliwa, mguu unanyooshwa tena, inafungwa nyingine. Mara tano, sita au saba hivi.

Mara nyingi kano ya kisigino hubaki fupi bado. Daktari anatia ganzi na kuikata kwa kisu kidogo sana. Usishtuke! Kano ya mtoto huota na kuunga upya, safari hii ikiwa ndefu zaidi, huku mguu ukikaa katika plasta ya mwisho kwa wiki tatu.

Kazi kubwa inabaki nyumbani, na hapa ndipo wengi huteleza. Mtoto hupewa viatu viwili vilivyoungwa kwa kipande cha chuma. Miezi mitatu ya kwanza huvivaa usiku na mchana, anavuliwa wakati wa kuoga tu. Baadaye ni wakati wa kulala. Atalia siku za mwanzo, na bibi atasema mnamtesa mjukuu wake. Msivivue. Mguu unaonekana umepona, kumbe kano inaweza kujivuta tena, na hapo mnarudi kwenye plasta. Baba na mama wapokezane kumvisha kila jioni, mpaka afikishe miaka minne au mitano.